Elite: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu matoleo yake, tangu BBC Micro mpaka leo

Elite ni gemu gani hasa?

Ni gemu ya anga iliyoandikwa na vijana wawili waliokuwa wakisoma Cambridge, Uingereza: David Braben na Ian Bell. Kampuni ya Acornsoft iliitoa Septemba 1984 kwa kompyuta za BBC Micro na Acorn Electron. Unaanza ukiwa nahodha wa chombo kimoja, Cobra Mk III, kikiwa kimefungwa gati kwenye kituo cha sayari ya Lave. Mfukoni una kredi 100. Una makombora matatu, leza dhaifu, na mafuta ya kukufikisha miaka ya nuru saba. Ndiyo hivyo tu. Hakuna anayekuambia uende wapi.

Nunua chakula Lave, kauze kwenye sayari ya viwanda, rudi na kompyuta. Au ubebe vitu vya haramu na polisi wakuandame. Au uwinde maharamia kwa ajili ya fedha inayotolewa juu ya vichwa vyao. Enzi hizo gemu karibu zote zilikuwa na maisha matatu, alama, na dakika kumi za kucheza. Hii haikuwa na alama wala mwisho. Ilikuwa na cheo tu, kinachoanzia kwa mtu asiyetisha hata inzi na kuishia kwenye cheo cha Elite chenyewe, ambacho kinataka uangushe vyombo 6400. Ndiyo, elfu sita na mia nne.

Kama ni gemu moja, kwa nini matoleo yanatofautiana hivyo?

Leo gemu huandikwa mara moja kisha hugawiwa kwa konsoli, kompyuta na simu. Mwaka 1984 kila kompyuta ilikuwa nchi yenye lugha yake: prosesa yake, skrini yake, sauti yake. Ukitaka gemu iingie kwenye mashine nyingine, ilibidi mtu akae aiandike upya, mara nyingi bila hata mstari mmoja wa programu ya zamani.

Tena nafasi yenyewe ilikuwa finyu. BBC Micro ya Model B ilikuwa na kilobaiti 32 za memori, na kabla hujaandika chochote, skrini na mfumo wa mashine vimeshakata fungu lao. Picha moja ya harusi uliyotumiwa kwenye WhatsApp jana inazipita kilobaiti hizo mara kadhaa. Kwa hiyo kila aliyeihamisha Elite alipima: hiki kinaingia, kile kinabaki nje. Tofauti nyingi utakazozisoma hapa chini zinatokana na kipimo hicho, si na ladha ya mtu.

Na galaksi je? Kila toleo lina zake?

Hapana, na hapa ndipo penye utamu wote. Elite ya mwanzo ina galaksi nane, kila moja na sayari 256, jumla 2048. Kila sayari ina jina, aina ya serikali, uchumi, wakazi na bei zake. Haya yote hayakuhifadhiwa popote. Programu inashika namba tatu tu, inazijumlisha na kuzizungusha kwa kanuni ileile kila mara, na kila mzunguko unazaa sayari moja. Ukianza na namba zilezile utapata sayari zilezile, leo na kesho, kwenye kompyuta ya Spectrum au ya Commodore.

Majina nayo yanaundwa kwa kuunganisha vipande vya herufi mbilimbili kutoka orodha fupi: LA na VE, DI na SO, ZA na ON na CE. Msomaji wa Kiswahili hapa ana bahati yake. Mwingereza anasitasita mbele ya neno Lave, asijue alitamkeje. Sisi tunasoma la-ve na di-so bila kufikiri, silabi kwa silabi, na ndivyo hasa kompyuta ilivyoyashona.

Ila kanuni haina adabu. Braben amesimulia kwamba galaksi moja nzima walilazimika kuitupa kwa sababu ilizaa sayari yenye jina la matusi ya Kiingereza, lile la makalio. Walitaka pia galaksi nyingi mno, idadi isiyosemeka, na wachapishaji wakawashauri wasifanye hivyo: wingi ule ungemfanya mchezaji atambue kwamba yote ni hesabu tu.

Faida yake kwako ni hii: njia ya biashara uliyoijua kwenye toleo moja la zamani itakufaa kwenye lingine. Sayari ya Zaonce iko pale ilipo, na bado inauza kompyuta kwa bei nafuu.

Toleo la kaseti na la diski kwenye BBC Micro, kuna tofauti gani?

Kubwa. La kaseti huingia lote kwenye memori mara moja, kwa hiyo lilipunguzwa: aina za vyombo ni chache na kazi maalumu hazimo. La diski lina ujanja wa kugawanya gemu. Ukiwa kituoni, memori ina programu ya kituo. Ukitoka, diski inazunguka, programu ya kituo inaondolewa na ya angani inachukua nafasi yake pamoja na kundi la vyombo utakavyokutana navyo safari hiyo. Nafasi iliyookolewa ilitosha kuongeza kazi mbili za jeshi la majini: kusaka chombo cha kisasa kilichoibwa, kiitwacho Constrictor, na kusafirisha siri za Thargoid, viumbe wa anga ambao ni adui.

Angalia pia kompyuta ya kufungia gati, kifaa unachonunua ili kikuingize kituoni chenyewe. Katika toleo la diski unabonyeza C na papo hapo umo ndani ya kituo. Hakuna safari wala zamu. Wengi walioanzia Commodore hudhani ni hitilafu.

Kwa nini sehemu ya chini ya skrini ya BBC ina rangi na ya juu haina?

Mashine ilikuwa na njia mbili za kuonyesha picha: moja yenye mistari makini lakini rangi mbili tu, nyingine yenye rangi nne lakini pikseli nene. Elite inatumia zote mbili kwa wakati mmoja. Televisheni huchora picha kutoka juu kwenda chini. Miale ikifika kwenye dashibodi, saa ya ndani ya kompyuta inaishtua programu, nayo inabadili njia kabla mstari unaofuata haujachorwa. Hilo hurudiwa mara hamsini kila sekunde. Huku mchezaji anajua tu kwamba rada yake ina rangi.

Electron, mdogo wake BBC, haina saa hiyo, ndiyo maana skrini yake yote ni nyeusi na nyeupe. Thargoid nao hawamo. Ni Elite ya kweli, lakini ukiwa na uhuru wa kuchagua, usianzie hapo.

Ni kweli Commodore 64 ina muziki na wanyama?

Kweli tupu. Toleo hili la 1985 walilifanya Bell na Braben wenyewe, likatolewa na kampuni ya Firebird. Ukiwasha kompyuta ya kufungia gati, chombo kinajiendesha chenyewe taratibu kuelekea kituoni, na wimbo wa waltz wa Strauss, Blue Danube, unapigwa kwa ile sauti ya Commodore yenye mkwaruzo. Ni mzaha wa heshima kwa filamu ya Kubrick iitwayo 2001: A Space Odyssey, ambako chombo kinafunga gati kwa muziki huohuo. Kwa mwendo kinakuchelewesha. Kwa raha, sijaona mfano wake.

Wanyama ni Trumble. Mtu anakuuzia kinyama kimoja chenye manyoya, kizuri kweli. Unakitia ndani. Baada ya safari kadhaa ni ishirini, halafu mia, wanakula chakula chote ulichokibeba, na mwisho wanatembea juu ya kioo chako wakikutumbulia macho huku maharamia wanakupiga risasi. Dawa yake ni kulisogelea jua mpaka joto la chombo lipande na wao wafe. Ukilisogelea kupita kiasi mnakufa wote.

Hicho kidude cha Lenslok cha ZX Spectrum kilikuwa nini?

Kipande cha plastiki chenye lenzi za mistari, kinachokunjwa kama kijitabu. Gemu ikishaingia, skrini inaonyesha alama zilizovurugwa. Unakunjua kidude, unakiegemeza kwenye kioo cha televisheni, unafumba jicho moja, na kama mambo yamekwenda sawa zinatokea herufi mbili za kuandika. Lengo lilikuwa kuzuia watu wasinakili kaseti.

Tatizo ni kwamba alama zilipaswa kulingana na ukubwa wa televisheni yako. Televisheni ikiwa kubwa mno au ndogo mno, huoni kitu. Mbaya zaidi, baadhi ya masanduku ya Elite yalitoka na lenzi ya gemu nyingine. Hebu mfikirie mnunuzi aliyelipa fedha yake halali, amepiga magoti mbele ya televisheni sebuleni jicho moja limefumbwa, huku aliyenakili kwa jirani anacheza zamani.

Ukitumia nakala za siku hizi hutakutana nacho. Toleo lenyewe ni zuri kuliko sifa zake: lina kazi ambazo BBC haina, mojawapo ikiwa ni kuokoa wakimbizi wa sayari ambayo jua lake linakaribia kulipuka.

Konsoli ya NES ya Nintendo, yenye vitufe vichache, iliwezaje?

Hata mimi sikuamini mpaka nilipoiona. NES haikutengenezwa kuchora mistari. Inajua kupanga vigae vidogo, kama fundi wa sakafu, na ndiyo maana gemu zake nyingi ni za kurukaruka juu ya matofali. Kwa Elite ya 1991, Bell na Braben wanachora upya vigae vyenyewe huku gemu inaendelea, ili mistari ya vyombo itokee. Vitufe vya kibodi vimegeuzwa kuwa picha ndogo zilizopangwa chini ya skrini: unateleza mpaka unayoitaka, unabonyeza. Nahodha wako anahifadhiwa ndani ya katriji yenyewe kwa betri. Kati ya matoleo yote ya biti nane, hili ndilo laini zaidi mkononi.

Lilitoka Ulaya tu, kwa mfumo wa televisheni wa PAL. Zile katriji zetu za gemu 9999 kwenye moja sikuwahi kulikuta humo.

Orodha ya bidhaa nayo ilisafishwa. Katika matoleo mengine, kati ya vitambaa na vileo kuna bidhaa ya watumwa, haramu kisheria lakini ina bei. Kwa mtu wa pwani yetu, kulisoma neno hilo kwenye orodha ya bei si jambo la kupita bila kutua. NES iliwafanya kuwa roboti, vileo vikawa vinywaji, na dawa za kulevya zikawa viumbe adimu.

Watu husema ya Archimedes, kompyuta nyingine ya Acorn, ndiyo bora kuliko zote. Ni kweli?

Kwa Elite ya zamani, nakubaliana nao. Iliandikwa na Warren Burch na Clive Gringras, ikatoka 1991. Vyombo si mistari mitupu tena, vina nyuso zilizojazwa rangi, lakini hilo hata Amiga inalo. Ubora wake uko kwingine. Katika matoleo mengine, ulimwengu unakusubiri wewe: maharamia wote wanakutafuta wewe, kana kwamba anga nzima imetumwa kwako. Kwenye Archimedes unatoka kituoni na kukuta polisi wanapigana na maharamia, msafara wa wafanyabiashara unapita na walinzi wake, na hakuna hata mmoja anayekuangalia. Unaweza kukaa pembeni ukatazama. Kisha ukaokote shehena iliyomwagika, kama huna haya.

Amiga, Atari ST, PC?

Yote yana nyuso zilizojazwa rangi na mwendo mzuri. Kwa PC tafuta Elite Plus ya 1991, kazi ya Chris Sawyer, ambaye baadaye aliandika Transport Tycoon na RollerCoaster Tycoon. Ile ya PC ya 1987 ina rangi zinazoumiza macho.

Amstrad, MSX, Apple II?

Yapo. Hata Tatung Einstein, kompyuta ambayo wenye nayo walijuana kwa majina, ilipata lake. Yacheze kama mashine hiyo ndiyo uliyokulia nayo.

Frontier ni Elite yenye picha bora tu?

La, ni gemu nyingine. Frontier: Elite II ya 1993 iliacha zile galaksi nane na kuchora Njia ya Maziwa yetu, nyota zikihesabiwa kwa mabilioni, yote ndani ya diski moja ya flopi. Unaweza kutua kwenye sayari. Jua letu limo, Dunia imo, na Lave nayo imepewa mahali pake.

Lakini sheria za mwendo ni za Newton. Katika Elite ya kwanza, ukipunguza gesi chombo kinapungua mwendo, kama pikipiki. Katika Frontier, ukizima injini unaendelea kwenda vilevile, na ili usimame lazima ugeuze kitako mbele na uchome mafuta upande wa pili. Ni sahihi kisayansi. Vita, hata hivyo, vinakuwa vya kupishana: mnapitana kwa kasi, mnapigana risasi moja mbili, mnageuka, mnapitana tena. Wapo wanaoipenda kwa moyo wote. Mimi huipenda nikiwa sipigani.

Gemu ya tatu, Frontier: First Encounters ya 1995, ilifuata ikiwa na hitilafu nyingi, na mashabiki ndio walioifanya ichezeke.

Na Elite Dangerous? Nina konsoli, nitapata sawa na wa PC?

Hutapata. Gemu hii ilianza kwa michango ya watu mwishoni mwa 2012 na ikatoka kwa PC Desemba 2014. Xbox One ikaipata 2015, PS4 ikafuata 2017. Mac ilikuwamo kisha ikaachwa 2018. Mwaka 2021 likaja ongezo la Odyssey, linalokuwezesha kushuka chomboni na kutembea kwa miguu, na hilo liliishia PC. Machi 2022 ikatangazwa kwamba konsoli hazitaendelezwa tena, na tangu Novemba mwaka huo galaksi ziko mbili: inayoishi, yenye matukio mapya, na ya urithi, ambamo konsoli zimebaki.

Jambo la pili, muhimu kwa anayenunua bando: inataka intaneti muda wote, hata ukichagua kucheza peke yako. Kucheza bila intaneti kuliahidiwa, kukaondolewa mwezi mmoja kabla ya gemu kutoka. Kelele zilizopigwa ungezisikia hadi Lave.

Nataka ya zamani, lakini macho yangu yamezoea picha za leo. Nifanyeje?

Oolite. Ni ya bure, programu yake iko wazi, na inakwenda Windows, Linux na Mac, hata kwenye laptopu ya mtumba. Giles Williams aliianzisha 2004 kwa ajili ya Mac. Sayari ni zilezile 2048, bidhaa zilezile, lakini vyombo vina sura, na mashabiki wameongeza mamia ya nyongeza: vyombo vipya, kazi mpya, vituo vipya. Ushauri wangu: usipakue nyongeza hata moja kwa wiki ya kwanza. Nimeona watu wanaweka thelathini siku moja, kisha hawajui tena kipi ni Elite na kipi ni cha jirani.

Naweza kucheza la 1984 lenyewe bila kuwa na BBC Micro?

Ndiyo, kwa emuleta, yaani programu inayojifanya kompyuta ya zamani. Za BBC Micro zipo hata zinazofanya kazi ndani ya kivinjari, na Ian Bell ameweka matoleo mengi kwenye tovuti yake. Ukitaka la simu, jua kwamba gemu linataka vitufe vingi, kwa hiyo tafuta kibodi ya bluetooth. Prosesa ya simu hiyo, karibu kwa hakika, ni ya ukoo wa ARM, na ARM ilizaliwa kwa Acorn haohao waliotengeneza BBC Micro.

Vitufe vya BBC ni hivi: mkato na nukta kwa kubiringika, S na X kwa kushuka na kupanda, A kwa leza, nafasi kwa kuongeza mwendo, alama ya kuuliza kwa kupunguza.

Na kumbuka, gemu huhifadhiwa ukiwa kituoni tu. Nilikuwa natoka Zaonce na shehena iliyojaa kompyuta, faida ya jioni nzima, kituo cha Lave nakiona kwa macho. Umeme ukakatika. Tangu siku hiyo nahifadhi kila ninapofunga gati, hata kama nimeuza gunia moja la chakula.

Kila nikitaka kuingia kituoni najigonga. Nakosea wapi?

Unakimbilia mlango. Kituo kinajizungusha, na mlango wake ni ufa mwembamba ambao siku zote unaitazama sayari. Kwa hiyo usikifuate moja kwa moja kutoka ulipo. Zunguka mpaka uwe katikati ya kituo na sayari, geuka, uhakikishe ufa uko katikati ya alama zako za kulengea, kisha sogea polepole. Ukikaribia, anza kubiringika kwa kasi ya kituo mpaka ufa uonekane umelala na umetulia. Ukianza kuyumba, usilazimishe: pinda, ondoka, jipange upya.

Hili ni sawa kwenye matoleo yote ya zamani, isipokuwa kwamba ukiwa na kompyuta ya kufungia gati ya kredi 1500, kwenye NES na Commodore chombo hujiingiza chenyewe taratibu. Mimi niliinunua baada ya kufa mara kumi na moja, na bado huiwasha zaidi kwa ajili ya Strauss.